Magari Niliyoyapaka Oili

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mwalimu Mutindi wa ngumbaru ametuambia mkono wa mtu mzima unasahau haraka, kwa hivyo kila mmoja wetu aandike kitu kila siku, kitu alichokiona kwa macho yake, hata kama ni kuku. Sawa. Leo nimeona mvua. Imeanza wakati wa sadaka, ikapiga mabati mpaka pasta akanyamaza akaketi. Watu walifurahi. Mimi sikufurahi sana, kwa sababu ya Elsie.

Elsie ni mtoto wangu wa kwanza, ni nesi. Anazunguka na landrova ya kliniki kuchanja watoto huko ndani Kajiado, mahali barabara ni alama ya ng'ombe tu. Dereva wake ni Mzee Kivuva, Mkamba mpole, alikuwa kwa usukani kabla Elsie hajazaliwa. Nikimwona huyo mzee roho yangu inatulia kidogo. Kidogo tu.

Nimeandika mistari mingi. Mkono umechoka.

14 Oktoba

Baba Elsie amemaliza bamba la landrova ya kliniki. Mtu asiyejua afikirie sinia kubwa ya chuma inayofungwa chini ya gari kwa mbele, kukinga tumbo la injini na mawe. Mafundi wanaiita sampu gadi, mimi naita bamba. Hapa Kitengela hakuna anayeyatengeneza kama mume wangu Makokha. Wengine wanaacha kona, na vichwa vya nati vinachungulia nje. Makokha anasaga na mashine mpaka chuma inakuwa laini, ukipitisha kiganja hakikwami popote. Alimwambia Kivuva jiwe likigusa hapo litateleza, halina pa kushika. Mzee akainama akapitisha kiganja, akatabasamu kama mtu amewekewa mjukuu mapajani.

Makokha akisifiwa huwa anajifanya anatafuta spana. Leo ametafuta spana kwa muda mrefu.

16 Oktoba

Mvua.

18 Oktoba, Jumamosi

Elsie alikuwa arudi jana jioni, amerudi leo saa nane mchana. Ni tope. Huu udongo wetu mweusi ukinyeshewa unashika kama unga wa chapati kwa vidole. Umejaa chini ya bamba, umejaa kwa magurudumu mpaka yakakataa kuzunguka. Walilala kwa darasa huko Bisil. Viatu vyake nimevikwangua na kisu.

Nimekaa nikimfikiria mama yangu. Kule nyumbani Alego, wakati wa mvua, alikuwa anatuambia tupake jembe mafuta kabla ya kwenda shamba, udongo usishike, mtu asirudi amebeba shamba lote. Hapa kwa yadi kuna dramu nzima ya oili chafu, ile inatolewa kwa injini, nyeusi kama masizi. Inakaa tu.

20 Oktoba

Nimepaka. Nilitandika gunia nikaingia chini ya landrova na tambara, nikapaka bamba lote, katikati na kando, mpaka likang'aa. Elsie alisimama na kikombe cha chai akaniuliza kama nimeanza ufundi uzeeni. Nikamwambia aendelee na chai yake. Makokha alipita, akaangalia, akasema si vibaya. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

23 Oktoba

Imefanya kazi. Kivuva amekuja mwenyewe mpaka jikoni kunisalimia. Anasema tope linashika kidogo halafu linaanguka lenyewe, kama keki kwa sufuria iliyopakwa mafuta. Hawakukwama hata mara moja. Ati niwe nawapakia kila safari. Elsie amefika saa kumi, jua bado liko. Nimemshukuru Mungu, halafu nikaenda nikagonga ile dramu kidogo na kiganja, kama vile mtu anagonga ng'ombe mzuri.

29 Oktoba

Watu wamesikia. Kila aliye na bamba la Makokha anapita nimpakie kabla hajaingia porini. Nitaandika hapa kila gari, ili nisichanganye nani amepakwa lini. Leo ni pikap ya mwalimu wa Isinya. Landrova ya Bulle, yule Msomali anayenunua mbuzi. Landkruza ya kijani ya mzee mmoja anaitwa Katoo, ametoka mbali, Kimuka, huko upande wa Ngong, alikuja kuangalia ndama. Hiyo nimepaka mara mbili kwa sababu mzee ana heshima. Alinisalimu kwa Kimaasai, takwenya, nikajibu iko, akafurahi kwamba Mjaluo anajua kuitikia. Na ya kliniki.

Mwalimu Mutindi atasema hii si kuandika, ni daftari ya gereji. Lakini nimeona kwa macho yangu.

1 Novemba

Nimepaka ya kliniki. Nimepaka ya watu wa mchanga, wale wanaochota mtoni. Mto umepanda.

3 Novemba, Jumatatu

Bulle amekuja amefura. Ni mtu mrefu, mwembamba, anaongea polepole hata akikasirika, na hiyo polepole yake ndiyo inaniudhi. Anasema alipata pancha kwa tope. Ekseli ilikuwa imezama, jeki haiingii chini yake, kwa hivyo akaiweka chini ya bamba, mahali palikuwa wazi. Ikainua vizuri. Gurudumu lilipoachana na ardhi, kichwa cha jeki kikateleza, gari ikakaa chini. Hakukuwa na mtu karibu.

Makokha hakuacha hata kuchomelea. Alijibu akiwa amevaa ile miwani yake ya moto.

"Bamba ni ya mawe, si ya jeki. Ukipanda kitanda na viatu, utalaumu seremala?"

"Fundi," Bulle akasema, "kwa tope mtu anaweka jeki mahali anapata. Wewe unajua."

"Mimi najua wewe hujui kuweka jeki."

Wale wa yadi walicheka. Mimi nilikuwa jikoni, nikacheka pia.

5 Novemba

Nimepaka ya kliniki. Pikap ya Isinya. Lori ndogo ya mawe, ya Kiserian. Mvua haijapumzika.

7 Novemba

Kivuva ana ukucha mweusi kwa kidole gumba. Nimemuuliza, akasema jeki ilicheza kidogo. Elsie alikuwa anaangalia nje. Nimemwekea mzee maji moto na chumvi, akaloweka kidole akiniambia habari ya wajukuu wake. Nilipomwambia Makokha juu ya hicho kidole, alisema Kivuva anazeeka.

Nikamwamini. Ni fundi, na ni mume wangu.

9 Novemba, Jumapili

Mvua ya mawe mchana. Hakuna kingine.

11 Novemba

Sufuria ya maharagwe imeniteleza mikononi, imemwagika yote. Nilikuwa nimetoka tu kupaka gari. Tumekula ugali na chumvi, Makokha akanitania ati hii ni saumu ya nani.

14 Novemba

Bulle tena. Safari hii amechora kwa kipande cha katoni. Anataka bamba likatwe dirisha pande mbili, mahali ile mifupa ya gari, vyuma viwili vinene vinavyoibeba, inapita juu, ndiyo jeki iguse mfupa wenyewe, si sinia. Na kuzunguka hiyo dirisha ichomelewe pete ya bomba nene, kichwa cha jeki kikae ndani kisitoke.

Makokha aliangalia hiyo katoni vile mtu anaangalia nzi kwa chai. Akauliza, yaani atoboe chuma aliyoisaga siku mbili, tope liingie kama mlangoni? Bulle akasema afadhali tope liingie. Akaweka katoni juu ya meza ya vyuma akaenda. Makokha akapangusa nayo mikono.

Huyo mtu sikumpa chai. Hakuna mtu amewahi kutoka kwangu bila chai, huyo ni wa kwanza. Nilijiambia anatafuta kumharibia Makokha jina kwa watu wa mifugo. Katoni nilitaka kuwashia jiko, lakini ilikuwa na unyevu, nimeiweka hapa kwa daftari iwe alama ya ukurasa.

15 Novemba

Mvua.

17 Novemba

Mvua. Kuku wawili wamekufa. Ukuta wa choo cha jirani umelala.

18 Novemba

Nimepaka ya wale wa mchanga na pikap nyeupe ya daktari wa ng'ombe. Nikiwa chini nilisikia maji yakipita chini ya gunia, chini ya mgongo wangu. Nilitoka haraka. Sijui ni kwa nini niliogopa, ni maji tu.

20 Novemba, Alhamisi

Kesho Elsie anaenda mbali, kupita Bisil, siku mbili. Redio inasema madaraja yameenda na maji. Nimemwambia amwambie mkubwa wake wangoje. Anasema watoto wa huko hawajachanjwa tangu Machi, na surua haingoji.

Nimepaka mara tatu. Nimepaka mpaka pembeni, mahali sikuwa napaka. Elsie aliinama akanitazama huko chini.

"Mama, inatosha."

"Haitoshi."

Alitaka kusema kitu kingine. Niliona mdomo ukifunguka. Halafu akaninyooshea mkono, akanivuta nitoke, akanipangusa uso na kanga yangu.

21 Novemba

Wametoka saa kumi na mbili asubuhi. Kivuva alipiga honi mara mbili.

22 Novemba, Jumamosi

Hawajarudi.

23 Novemba, Jumapili

Hawajarudi. Makokha ameenda kuuliza kliniki, mlango umefungwa, mlinzi hajui kitu. Amerudi akakaa juu ya dramu yangu. Mashine hajawasha. Sijawahi kuona yadi imenyamaza hivi mchana.

24 Novemba, Jumatatu

Nitaandika yote, hata mkono ukikataa.

Saa mbili asubuhi landrova ilisimama kwa lango. Si ya kliniki, ni ya Bulle. Nyuma kuna mbuzi wamelowa. Elsie akashuka, amevaa koti la mwanaume, na chini ya koti ile gauni yake ya kazi ni nyeusi na nyekundu. Nilimshika kila mahali, kichwa, mikono, mgongo. Ni mzima. Nikamuuliza mzee yuko wapi. Akasema tuingie ndani kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, wamemaliza kuchanja, wanarudi. Gurudumu la mbele likapasuka. Ekseli imezama kwa tope, jeki haiingii. Kivuva akaweka ubao, akaweka jeki juu ya ubao, kichwa cha jeki chini ya bamba. Ikainuka. Akatoa gurudumu. Kukawa na jiwe limekaa vibaya huko nyuma, akaingiza mkono alitoe. Elsie alikuwa amepiga magoti kando yake, ameshika gurudumu lile zima, tayari kumpa.

"Haikupiga kelele, Mama. Ilitoka tu."

Gari ilikaa juu ya mkono wa mzee. Kichwa cha Elsie kilikuwa umbali gani, sikuuliza, aliniambia mwenyewe. Alisikia upepo wa gari kwa shavu.

Akafunga mkono wa mzee juu ya kiwiko na mshipi wa mfuko wake. Akachimba kwa mikono, akachimba na ile sahani ya kuwekea sindano, na udongo ukawa unarudi. Jeki akairudisha mara nne chini ya bamba, na mara nne ikateleza. Kivuva alikuwa anamwambia apumzike, ati asijichoshe. Walikaa hivyo masaa matatu kwa mvua. Aliyepita ni Bulle, akitoka kununua mbuzi, na wachungaji wake watatu. Wakakata mti, wakainua gari na mti. Halafu mto ukawa umefunga barabara, wakalala hapo kando ya maji, Bulle akimshikilia mzee asilale usingizi, akimuuliza majina ya mifugo yake yote, tangu ya utotoni. Jana jioni ndiyo maji yalishuka, wakamfikisha hospitali Kajiado.

Bulle alikuwa amesimama kwa mlango, hajaingia. Kanzu yake imeisha kwa tope. Nilimkaribisha chai. Nilimpa kile kikombe cha wageni, akanywa akiwa amesimama, akasema asante mama, Mungu awape nguvu. Nilingoja ataje katoni. Makokha naye alikuwa anangoja, amesimama kama mtoto mbele ya mwalimu. Bulle hakutaja. Aliweka kikombe chini polepole, akaenda na mbuzi zake.

Nikamwekea Elsie maji ya kunawa. Tope likatoka, damu ikatoka. Kukabaki weusi kwa kucha na kwa mistari ya viganja. Alisugua na sabuni, akasugua na majivu. Akanusa vidole vyake, akaniangalia. Harufu hiyo naijua, iko kwa nguo zangu zote.

25 Novemba

Tumeenda Kajiado kumwona Kivuva. Mkono umekatwa chini ya kiwiko, ule wa kulia. Wa gia ni ule mwingine, alisema, kwa hivyo bado nusu ya dereva iko. Mkewe alikuwa amekaa hapo, mama mzee, akanipisha kiti. Kama angejua asingenipisha.

Nilimwambia. Nilisema mzee, ni oili yangu. Nilipaka mara tatu.

Akasema, "Mama Elsie, mimi nilijua inateleza. Tangu ile siku ya kidole. Nikaona nitakwambiaje, na wewe unalala kwa tope kutusaidia."

Nimetoka nje. Elsie alinifuata. Nikamuuliza kama na yeye alijua. Akasema alijua, na ile Alhamisi alitaka kuniambia, akaniona vile nimechafuka uso, akashindwa. Ati nilikuwa nafurahi.

Wote walinionea huruma. Mtu mmoja tu ndiye alisema wazi, na huyo nilimnyima chai.

26 Novemba

Nilimwambia Makokha asubuhi. Nilifikiri atanipigia kelele. Alikuwa anakunja waya mikononi, anakunja, anakunjua.

"Oili ni yako," akasema. "Chuma ni yangu. Mtu alinionyesha mara mbili, na mimi nikapangusa mikono na mchoro wake."

Akauliza ile katoni ilienda wapi. Nikafungua daftari hapa. Ilikuwa bado, na alama ya vidole vyake juu ya mchoro. Akaichukua, akavaa koti, akatembea kwa mguu mpaka kwa Bulle. Makokha, ambaye hata kwa harusi ya ndugu yake alingoja afuatwe.

28 Novemba

Wamefanya ya Bulle kwanza, kwa sababu ndiyo iko hapa. Makokha amekata dirisha mbili, kila moja upana wa kiganja. Akakata bomba nene vipande, akachomelea kama pete. Wakajaribu na jeki. Pete ilikuwa pana, kichwa cha jeki kikawa kinacheza ndani. Zamani angesema wewe hujui kuweka jeki. Leo amekata pete, akachoma ingine ndogo, wakajaribu tena. Bulle akasukuma gari na bega, akasukuma na mguu. Jeki imekaa. Makokha alichukua mashine ya kusaga, mkono umezoea, halafu akairudisha chini. Ameacha makovu ya moto vile yalivyo, chuma inakwaruza.

Nikasema hiyo pete ni kama ngata, ile ya kitambaa tunaweka kichwani tukibeba mtungi. Wakanitazama wote wawili. Bulle akasema mama zao pia wanaweka.

Mimi nimeosha bamba na maji moto, sabuni ya unga na majivu, mara tatu. Na hakuna mtu kuingiza mkono kabla gogo halijawekwa chini ya gari. Makokha amekata magogo, kila gari inapewa mbili, na mtu asiyetaka anapewa kwa nguvu.

29 Novemba

Elsie amesema, Mama, lete daftari. Tumehesabu. Nimepaka magari saba. Kama singeandika tungekumbuka matano.

3 Desemba

Pikap ya Isinya imekatwa. Lori ya Kiserian, Makokha amepanda na mashine yake akaifuata huko huko machimboni. Watu wa mchanga wamekuja wenyewe, wamesikia ya Kivuva.

6 Desemba

Ya daktari wa ng'ombe. Imebaki ya kliniki, imevutwa juzi kutoka porini, na nyingine moja. Ni landkruza ya kijani ya Mzee Katoo.

10 Desemba

Ya kliniki imekwisha. Nilimwona Makokha amelala chini yake muda mrefu, hachomi, amelala tu anaangalia mahali pale.

Ile ya kijani bado.

12 Desemba

Elsie amerudi kazini. Anaendesha mwenyewe, hakuna dereva. Kabla ya kutoka aliniita, akaweka jeki mbele yangu, akainua gari, akaweka gogo, akashusha, akainua upande wa pili. Kama mtoto anayeonyesha mama kwamba amefunga vifungo vyote. Nikaangalia. Sikusema inatosha, sikusema haitoshi. Niliweka mikono nyuma.

15 Desemba

Elsie amerudi salama. Tope mpaka kwa paa. Ya kijani bado.

18 Desemba

Bulle ametuma neno na watu wa mnada wa Kiserian, mtu wa Kimuka akionekana aambiwe. Hakuna jibu. Barabara ya huko imekatika, na simu huko ni miti tu, nyaya hakuna.

22 Desemba

Nimeanza kukaa kando ya barabara ya Namanga na mwavuli. Kila gari kubwa ikipita nainama niangalie chini yake. Watoto wananicheka, wanainama pia. Mwalimu Mutindi amepita, akauliza nimeacha masomo? Nikamwambia nasoma.

25 Desemba

Krismasi. Kivuva ameletwa kwetu na mwanawe, amekula chapati tano na mkono mmoja. Bulle amekuja, mbuzi tuliyemchinja ni wake. Makokha alimkatia mzee nyama bila kuulizwa, vipande vidogo, kama anavyokatiwa mgeni wa heshima. Ya kijani bado.

29 Desemba

Uchaguzi. Nimesimama kwa mvua tangu saa moja. Yalipita magari mengi. Niliinama mpaka askari akaniuliza nimepoteza nini.

1 Januari 1998

Mvua. Bado.

3 Januari, Jumamosi

Imekuja.

Nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia honi, nikaona kijani kwa lango, na Mzee Katoo anashuka na fimbo yake, ananiambia takwenya kabla mguu haujafika chini. Nilijibu iko. Akasema amekuja na njia ndefu kwa sababu ya mafuta yangu, hakuna mafuta kama hiyo, tope linaanguka lenyewe, nimpakie tena kama ile siku, mara mbili.

Nilipita kando yake, nikaingiza mkono kwa dirisha, nikatoa funguo, nikaitia kifuani. Mzee alinishangaa, akacheka, akauliza kama nimemwoa. Nikamwambia hataondoka hapa, anywe chai.

Makokha alikuwa anakuja na mashine. Sikumngoja. Nilitandika gunia nikaingia chini kama zamani. Oili yangu bado ilikuwa inang'aa. Na kwa bamba kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, umeanza katikati ukaenda mpaka pembeni, umenyooka, kama mtu amepitisha msumari. Kovu la jiwe haliendi hivyo.

Nikamuuliza nikiwa huko chini. Mzee, hii ni nini?

"Ah, hiyo. Jeki ilitoka." Nilikuwa naona miguu yake tu, na ile fimbo. "Bibi yangu alikuwa amekaa hapo chini ananishikia spana. Gari ikakaa hapa, na yeye alikuwa hapa."

Nilitoa kichwa nione. Alikuwa amenyoosha viganja viwili, na kati yao hakungepita chapati.

"Akaanguka nyuma kwa tope. Tulicheka, mama. Tulicheka mpaka tukakaa."

Makokha aliweka mashine chini. Nilimuuliza Katoo ilikuwa lini. Akafikiri, akasema ni ile Jumapili ya mvua ya mawe.

Gari imeoshwa, imekatwa, imewekewa ngata mbili. Magogo mawili yako nyuma. Nilishika funguo mpaka jeki ikapanda na kushuka mara tatu, ndiyo nikamrudishia, na bado ilikuwa na joto la kifua changu. Nimemwambia anisalimie sana bibi yake, ambaye simjui.

Wakati wanachomelea nilikuja kutafuta hiyo Jumapili hapa kwa daftari. Nilifikiri labda nilisikia kitu siku hiyo, nilishtuka, nilianguka. Iko hapo juu, tarehe tisa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mvua ya mawe mchana. Hakuna kingine.